Alama Ndani ya Kola

Mtaa mzima ulimwita Dobi. Hata mkewe alimwita hivyo mbele za watu. Wakiwa wawili alimwita jina jingine, na hilo halimhusu mtu.

Chumba chao cha kazi kilikuwa na makaro mawili ya saruji ya kufulia, meza ya pasi na rafu ndefu ya mbao. Uani kamba sita. Mke alifua, mume akapiga pasi. Miaka thelathini na minane. Halafu kifua kikambana yule mama, wiki tatu tu, akaenda zake. Sasa ulikuwa mwezi wa saba tangu azikwe. Dobi alifua mwenyewe, akaanika mwenyewe, na bado kila akipita penye karo alijibana ukutani kumpisha mtu.

Wateja wake wakubwa walikuwa wageni. Ndivyo mtaa ulivyowaita askari wa ile kambi ya nchi ya mbali, nyuma ya uwanja wa ndege, waya juu na waya chini.

"Wageni gani wa miaka kumi na moja?" alikuwa akisema Kinyozi, jirani wa mlango wa pili. "Mgeni wa hivyo hata ukuta wa choo ameshauzoea." Lakini vichwa vyao alivinyoa, na bei aliwapandishia.

Kila Jumatatu magunia ya nguo yalitoka kambini, kila Alhamisi yakarudi. Na kambi ilikuwa na mashine zake za kufulia, hilo lilijulikana. Kwa nini basi walete nguo kwa dobi wa mtaani? Ofisi yao ya ujirani mwema ilisema ni kuwapa wenyeji riziki. Mtaa haukumeza. Wengine walisema wageni wanataka kujua nani anaingia kwa Dobi na kutoka. Wengine walisema Dobi ndiye macho, anawahesabia wageni vijana wa mtaa. Yeye hakumjibu mtu. Akiwa na pasi mkononi, mtu hahitaji kujibu.

Shida ya nguo za askari ni kwamba zote ni sare. Mashati sabini, rangi moja, mifuko ileile. Ndiyo, juu ya mfuko pameandikwa jina. Lakini Dobi hakusoma, mkewe hakusoma, na herufi za wageni machoni pao zilikuwa kama kuku amepita kwenye vumbi. Kwa hiyo yule mama alitia alama. Ndani ya kola, nyuma ya shingo, mishono michache ya uzi mwekundu. Madobi wengi hufanya hivyo, nukta hapa, msalaba pale. Yeye alikuwa na mtindo wake. Mteja mpya akija alimtazama kwanza, anavyosimama, anavyoweka mzigo chini, kisha alishona alichokiona.

Na kila alama aliishona kwanza kwenye kipande cha shuka kuukuu, ili mumewe, ambaye yeye alimtania kwamba kichwa kinavuja, akitundike juu ya meza ya pasi na kulinganisha. Kitambaa kilikuwa na safu tisa. Huyo mama hakuacha picha, ila ile ya kitambulisho ambayo hata yeye mwenyewe aliikana. Barua hakuacha, angeiandika vipi. Aliacha kitambaa. Dobi alipiga pasi akikitazama, na asubuhi nyingine alicheka peke yake, na Kinyozi akimsikia ng'ambo ya ukuta alitikisa kichwa.

Matata yaliletwa na wanga. Wanga wa kukazia nguo alikuwa akipima marehemu, kwa kiganja. Dobi alipima kwa kopo, na kopo halina huruma. Kola zikatoka ngumu kama bati, na mishono ndani yake ikawa miiba. Siku moja askari mmoja mwenye shingo laini alijikuna mpaka akatoka damu. Akavua shati, akapindua kola. Akaona uzi mwekundu, umeshonwa kwa mpango. Akapindua kola ya mwenzake. Uzi mwekundu, ila umbo jingine. Wakapindua zote bwenini. Katika zenye uzi, hakuna mbili zilizofanana.

Wiki hiyohiyo waya wa kambi ulikuwa umekutwa umekatwa upande wa mtaro. Basi.

Walikuja Jumanne asubuhi, magari mawili. Walikusanya mashati yote, hata yaliyoloa. Mmoja wao akakiona kitambaa ukutani. Akaangalia kitambaa, akaangalia kola mkononi, akaangalia kitambaa tena. Akakinyofoa misumari yake minne na kukitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Hicho si cha wateja," Dobi alisema. "Hicho cha nyumbani."

Hawakumwelewa. Wakamwonyesha gari. Kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa magunia, wakamkalisha mbele.

Hapo ndipo walipomponza. Mtaani kulikuwa na hesabu yake, ya zamani na rahisi: anayechukuliwa na gari la kambi akakaa nyuma ni mshukiwa, masikini. Anayekaa mbele ni mtu wao. Kinyozi alitoka na wembe mkononi, mteja wake amenyolewa nusu kichwa.

"Mbele!" alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda dau. "Si niliwaambia?"

Chumba walichomwingiza kilikuwa na meza, viti vitatu, na baridi ya mashine. Nyuma ya meza alikaa Ofisa wa usalama, mtu mwembamba mwenye kucha safi, mwezi wake wa tano kambini. Pembeni alikaa Mkalimani. Huyu alikuwa kijana wa mtaa, mama yake aliuza mkaa mtaa wa nyuma, lakini akiwa na kofia ya kambi kichwani alijifanya ameshushwa kwa mwavuli.

Kitambaa kilikuwa mezani, ndani ya plastiki yake.

"Anauliza, hizi alama ni za nani?"

"Za mke wangu."

"Anauliza yuko wapi."

Dobi alimkazia macho. "Mjibu wewe. Si ulikuwepo mazikoni? Ulibeba na sepetu."

Mkalimani akainamisha kofia, akasema. Ofisa akaandika, kisha akazungumza kitambo kirefu.

"Anasema pole, mzee."

"Pole ndefu hivyo?"

"Lugha yao ni ndefu, mzee."

Dobi hakuamini. Tangu alipoketi alikuwa akipima. Yeye akisema neno moja, Mkalimani anatoa matano. Ofisa akisema ishirini, yeye anapewa mawili. Yaliyobaki yanakwenda wapi? Mtu akikaa katikati ya wawili wasioelewana anaweza kufungua duka.

"Mwambie akitoe kitambaa kwenye plastiki. Kilikuwa na unyevu wa pasi. Kitaota ukungu."

"Mzee, hapa hatuzungumzii ukungu."

"Mimi ninauzungumzia."

Mkalimani akasema, au hakusema. Plastiki haikuguswa. Badala yake Ofisa alisukuma karatasi mbele. Ilikuwa fomu ya kibali cha getini, ya miaka kumi na moja nyuma, na chini yake mchoro ambao Dobi aliutambua. Ilikuwa sahihi yake. Mkewe alimfundisha kuichora kwa majivu sakafuni, kwa kuwa yeye aliona aibu kutia dole.

"Anasema mashati yana majina. Kwa nini utie alama za siri?"

"Sijui kusoma."

"Hapa ulisema unajua. Karani alikuuliza, ukasema ndiyo."

"Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na foleni nyuma yangu. Na majirani ndani ya foleni."

Ofisa alisikiliza tafsiri, akatabasamu upande mmoja.

"Anasema ameshaona watu wengi wakidanganya kwamba hawajui kusoma. Anayedanganya kwamba anajua, hajamwona."

"Basi leo amemwona."

Ofisa hakucheka. Alitoa mashati matatu, akayapanga mezani vifua chini, majina yasionekane. Akaashiria: haya, soma. Dobi akapindua kola ya kwanza. Mishono miwili mirefu, na vijishono vitano katikati.

"Huyu ni mrefu. Akipita mlangoni anainama hata mlango ukiwa mkubwa. Marehemu alimwita Ngazi."

Ya pili, duara.

"Huyu anakula vizuri. Kifungo cha tatu kinaruka kila mwezi. Huyu ni Ngoma."

Ya tatu ilikuwa vishono viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, pembeni kabisa.

"Huyu ana mtu wake kwao. Picha ya mwanamke hukaa mfuko wa kushoto, kila Jumatatu anaisahau. Marehemu aliitoa kabla ya maji, na Alhamisi aliirudisha mahali pake. Hajapata kujua kwamba ilitoka."

Ofisa akageuza mashati, akasoma majina, akapiga simu. Baada ya muda mlango ukafunguka na akaingia askari mmoja. Mlango ulikuwa mkubwa. Akainama.

Mlinzi aliyesimama kwenye kona alishikwa na kikohozi. Mkalimani alivuta kofia mpaka puani. Ofisa mwenyewe alijikuna kidevu muda mrefu kidogo kuliko kidevu kilivyohitaji.

"Anauliza," alisema Mkalimani, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kijana wa mtaa, "na yeye mwenyewe, marehemu alimshona vipi?"

"Yeye hana. Alikuja baada yake. Waliokuja baada yake nawafungia kitambaa cheupe tu."

Dobi alidhani wamemaliza. Alinyoosha mkono kwenye plastiki, na Ofisa akaweka kidole juu yake. Kidole kilikuwa kwenye pembe ya chini, mwisho wa safu ya tisa.

Hapo palikuwa na alama moja isiyofanana na nyingine. Uzi wake mweusi. Mishono mitano, minne imelala upande mmoja, wa tano umegeuka kuelekea nyuma. Hakuna shati hata moja lililokuwa nayo. Askari walikuwa wametafuta asubuhi nzima.

"Anauliza, hii ya nani?"

Dobi hakujua.

Alikuwa ameitazama kwa miezi saba. Ilikuwa ya mwisho, mkewe aliishona juma lile kifua kilipoanza, na hakusema ni ya nani. Siku nyingine Dobi alifikiri ni yeye mwenyewe, mume, maana naye ameshatembea kwa kuangalia nyuma. Siku nyingine alifikiri ni mkewe, anayegeuka kuaga. Siku nyingine aliona ni mtu kajaribu sindano tu. Hakuwahi kuamua. Ilimtosha kwamba bado kuna neno moja la mkewe hajaambiwa.

"Anasema mambo mengine ameyaelewa," Mkalimani aliendelea, polepole. "Imebaki hii moja tu. Ukieleza, unachukua kitambaa chako na kibali chako, yameisha. Usipoeleza, kitambaa kinapelekwa kwa wataalamu."

"Wataalamu wapi?"

"Kwao, mzee. Ng'ambo."

"Kitarudi?"

Mkalimani hakuitafsiri hiyo. Alitikisa kichwa mwenyewe.

Akisema hajui, nani atamwamini? Alisema hajui kusoma, wakamletea fomu. Mdomo wake ulikuwa umeshaharibika. Akaangalia kidole chenye kucha safi, kimekanyaga uzi mweusi. Akaona kitambaa kinapanda ndege, kinaingia chumba kingine cha baridi, kinakatwa uzi kwa uzi na watu wasiojua hata aliyekishona alikuwa mfupi au mrefu.

"Huyo," alisema, "ni yule bwana wenu wa ujirani mwema aliyekuja shuleni miaka miwili iliyopita kugawa mipira. Alileta mipira mitano. Akapigwa picha, watoto wakaimba. Kisha akaondoka na mmoja chini ya kwapa. Minne ilibaki. Wa tano huo, unarudi zake kambini."

Hilo la mipira lilikuwa kweli. Mtaa mzima uliona, na mpaka leo hakuna aliyejua ule mpira ulirudishwa kwa nini. Lakini kwamba alama ni yake, hilo Dobi alilitunga palepale, na wakati analisema masikio yake yaliungua kama ametukana.

Mkalimani alianza kutafsiri kwa heshima. Alipofika kwapani alishindwa. Alicheka mpaka akavua kofia. Ofisa akauliza, akajibiwa, akauliza tena, kisha akapiga meza kwa kiganja na kucheka meno yote nje. Kumbe yule bwana wa mipira walimjua wenyewe. Alikuwa amepandishwa cheo na kuhamishwa mwezi uliopita tu.

"Anasema ndiye yeye! Anasema hata kalamu za watu alikuwa anaondoka nazo! Anauliza tu, mbona uzi mweusi?"

"Mwekundu uliisha," Dobi alisema. Uongo wa pili ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza. Hilo lilimtisha.

Alikabidhiwa kibali, akakabidhiwa kitambaa. Alikitoa kwenye plastiki palepale mbele yao, akakikunja, akakitia ndani ya shati. Mfuko wao akawaachia mezani.

Alirudi kwa miguu, akijiandaa kwa macho ya watu. Lakini Mkalimani alikuwa amemtangulia kwa pikipiki, na mdomo ule haukuwa na breki. Kinyozi alikuwa amesimama barabarani, mikono wazi.

"Dobi wewe! Kumbe marehemu alimshona yule wa mipira! Halafu wewe ukamwambia mkubwa wao usoni!"

"Nimechoka, jirani."

"Utaachaje kuchoka? Mimi nilijua tu, wewe si wa kiti cha mbele."

"Asubuhi ulisema nini?"

"Asubuhi jua lilikuwa machoni."

Mtaa uliomwona msaliti saa nne ulimpa mkono saa kumi. Watu wasiomsalimia tangu mazishi walikuja na nguo ambazo hazikuwa chafu. Walitaka kuona alama. Walisogea ukutani, alipokuwa amekitundika tena kitambaa, wakaweka kidole pembeni, wakasema, "Ona, ona mpira unavyoondoka," wakavunjika mbavu. Mtu mmoja alisema kwapa nalo linaonekana.

Siku ya pili akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu. Alisimama mbele ya kitambaa, akajifuta macho.

"Nilikuwepo akiishona hii," alisema. "Alicheka mpaka akajichoma kidole. Aliniambia, 'Mdogo wangu, namtia huyu mwizi wa mipira.'"

Dobi aliweka pasi chini. "Ulikuwepo?"

"Shemeji, nitadanganya juu ya dada yangu?"

Juma lile shemeji hakukanyaga pale, alikuwa na mguu umevimba. Au alikanyaga? Siku zile Dobi alikuwa akikimbia kutafuta dawa. Alimtazama mwanamke yule usoni, akaona huzuni ya kweli kabisa, ndani yake habari ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeipika.

Tangu hapo kitambaa kilibadilika. Zamani macho yakifika kwenye uzi mweusi alikuwa kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kumeza ili aseme. Sasa akifika pale alisikia kicheko cha Ofisa. Akarudi juu, kwenye safu nyingine, atulie. Akamkuta Ngazi. Akajiuliza, jina la Ngazi alilitoa mkewe, au yeye? Ngoma je? Alikumbuka sauti ya mkewe ikilitaja. Lakini shemeji naye alikuwa na sauti aliyoikumbuka. Akaanza kupiga pasi akiwa ameupa ukuta kisogo, na siku hiyo aliunguza mikono miwili ya shati.

Mwisho wa mwezi binti yake akaja kutoka mji mwingine alikoolewa. Habari ilikuwa imemfikia hukohuko. Aliweka begi chini, akaenda moja kwa moja ukutani, akacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena.

Dobi alimwacha amalize. Akafunga mlango wa barabarani ili Kinyozi asisikie.

"Mwanangu, keti."

"Nini, baba?"

"Hiyo nyeusi. Ile habari ya mipira niliitunga mimi. Walitaka kukichukua kitambaa. Mama yako hakuniambia ni nini, na mimi sijui."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Alihisi kama ametua gunia la nguo mbichi.

Binti alimtazama, akakunja uso kidogo, kama mtu anayesikia mzaha usioeleweka.

"Baba, hukuitunga. Mama aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Hivyohivyo. Kwamba amemshona yule mtu wa mipira."

"Alikuambia wapi?"

"Kwenye simu. Si tulikuwa tunaongea kila Jumapili? Ulikuwa unalala mchana, tunaongea."

Kila Jumapili. Hilo Dobi hakulijua.

"Jumapili ipi?" aliuliza.

Binti alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama kitambaa. Inawezekana alikuwa anakumbuka. Inawezekana alikuwa anatafuta. Dobi alikuwa ameshakaa mbele ya meza ile ya kambini, alijua ukimya wa mtu anayetafuta ukoje, lakini ule wa mtu anayekumbuka nao ulikuwa hivyohivyo, urefu uleule.

"Sikumbuki, baba," binti alisema. "Lakini aliniambia."

Akainuka, akachukua shuka kutoka kwenye rundo la mashuka makavu, akampa pembe mbili. Dobi akazishika. Wakarudi nyuma, kila mtu upande wake, mpaka shuka likanyooka, kisha wakasogeleana kukunja.